Wavu wa Majirani: Wananchi Wanapojijengea Mtandao Wao

Kilima cha Nakasero kimekuwa kinywa cha nchi kwa muda mrefu. Ubavuni mwake, katika barabara ya Nile Avenue, ndiko redio ya taifa, iliyoanza kutangaza mwaka 1954, ilikopelekea habari, nyimbo na salamu hadi vijiji vya mbali kwa miaka mingi. Juu ya kilima hichohicho zipo Ikulu na ofisi nyingi za serikali. Na chini yake lipo Soko la Nakasero, ambako mwuza nyanya na mchukuzi wa magunia huanza kazi kabla jua halijachomoza. Siku hizi hewa ya mahali hapo imejaa mawimbi ya intaneti. Benki, hoteli na maofisi yameunganishwa kwa nyuzi za kioo zinazopita chini ya barabara.

Lakini mtu akishuka kutoka Nakasero kuelekea Kisenyi, Katanga au Kamwokya, hukuta mambo mengine. Intaneti ipo, ila hununuliwa kwa vipimo vidogo vidogo, kama mafuta ya taa yapimwavyo kwa kibaba: kifurushi cha siku, kifurushi cha juma, na mara nyingi kifurushi huisha kabla ya haja. Bei yenyewe imebeba kodi pia. Mwezi wa Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, na mahali pake ikawekwa ya asilimia 12 juu ya data. Kwa familia ya askari yenye watoto wanne shuleni na simu moja ya kugawana, hesabu hiyo si ndogo.

Ndipo linapozuka swali: je, majirani wanaweza kununua laini moja kwa pamoja, wakaisambaza wao wenyewe kutoka paa hadi paa, bila ya kila nyumba kununua ya kwake? Jibu limekwisha kutolewa kwa vitendo, tena si Ulaya peke yake, bali Gulu, Kibera na kisiwani Idjwi. Jibu lenyewe ni ndiyo, kwa sharti moja. Mtandao wa namna hii hausimamishwi na antena. Husimamishwa na watu wanaoutunza baada ya sherehe ya ufunguzi kwisha.

MTANDAO WA MFANO WA WAVU

Wanaolifahamu Ziwa Viktoria wanajua jinsi wavu wa samaki ulivyofumwa. Kila fundo limeshikana na mafundo ya jirani. Uzi mmoja ukikatika, wavu haupotezi kazi yake, kwa kuwa nyuzi nyingine zimebaki zimeshikana.

Mtandao wa majirani hufanana na wavu huo. Katika mtandao wa kawaida wa simu, vyombo vyote huutazama mnara mmoja, kama vifaranga wanavyomtazama mama yao. Katika mtandao wa wavu, kila nyumba huwekewa ruta, yaani kijisanduku kidogo chenye redio ndani yake. Ruta hiyo hupokea ujumbe wa mwenye nyumba, na papo hapo huupokeza ujumbe wa jirani kwa nyumba inayofuata. Ujumbe huenda kwa kupokezanwa hadi kuifikia nyumba yenye laini iliyolipiwa, na hapo ndipo unapotoka kwenda ulimwenguni. Ruta moja ikizimika, nyingine huitafuta njia ya kuzunguka zenyewe, pasipo mtu kuziamrisha.

Hata hivyo wavu una udhaifu wake, na wajenzi hawana budi kuujua mapema. Redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja juu ya masafa yaleyale. Kwa hiyo kila ujumbe unaporuka kutoka ruta hadi ruta kwa redio ileile, kasi hupungua yapata nusu. Baada ya kuruka mara tatu au nne, mtumiaji wa mwisho hubakiwa na kasi ndogo sana. Ndiyo sababu mafundi hutumia redio mbili katika kila fundo kubwa: moja ya kuwahudumia watu wa karibu, na nyingine ya kuunganisha paa na paa.

KILIMA HUTAZAMANA NA KILIMA

Askari wa mawasiliano hahitaji kufundishwa sehemu hii ya somo. Anajua kwamba redio yake husikika vizuri akiwa juu ya kilima, na hufifia akiingia bondeni. Mawimbi ya waifai, yaliyo katika masafa ya gigahezi 2.4 na 5, ni magumu zaidi katika jambo hilo. Hayapindi kilima, hayapenyi udongo, na majani ya mti yaliyolowa mvua huyanywa kama kitambaa kinavyokunywa maji. Antena mbili sharti zionane. Zikionana vizuri, zikielekezwa kwa uangalifu, na redio zikiwa zimeandaliwa kwa kazi hiyo, zinaweza kuzungumza kwa umbali wa makumi ya kilomita kwa umeme mdogo kuliko wa balbu ya kawaida.

Kampala, mji wa vilima, ni mahali panapofaa na pasipofaa kwa wakati mmoja. Kilima hutazamana na kilima: Nakasero na Kololo, Namirembe na Rubaga, Makerere na Mulago. Juu kwa juu, ujumbe hupita bila kizuizi. Lakini watu wengi wa kipato kidogo wamejenga mabondeni, chini ya mabati yaliyokaribiana, ambako mnara mmoja wa kilimani hauoni kila pembe. Hapo ndipo wavu una faida: kilima hukiona paa kimoja cha bondeni, na paa hilo huwapokeza majirani zake.

Mji haukukosa jitihada za kuueneza mtandao. Mnamo 2013 kampuni ya Google ilitangaza kazi ya kutandaza nyuzi za kioo mjini Kampala ili kampuni za intaneti zizikodi, na Desemba 2015 ikaanzishwa huduma ya waifai ya bei nafuu juu ya nyuzi hizo. Oktoba 2016 Mamlaka ya Taifa ya Teknolojia ya Habari, NITA-U, ilizindua waifai ya bure katikati ya mji wa Kampala na Entebbe. Huduma hiyo ilifunguliwa jioni hadi alfajiri katika siku za kazi, na pia mwisho wa juma, kwa sababu ilitumia nguvu ya laini za serikali ambazo hulala bure ofisi zikifungwa. Funzo lake ni kubwa: laini iliyolipiwa na kulala usiku kucha ni mali, na mali ilalayo inaweza kugawanwa.

GULU: MTANDAO ULIOZALIWA KAMBINI

Mfano wa kwanza wa karibu uko kaskazini mwa Uganda. Vita vya kundi la LRA viliwafukuza watu wapatao milioni 1.8 kutoka makwao vilipofikia kilele, na wengi wao waliishi katika makambi kwa miaka mingi. Agosti 2006 ulitiwa sahihi huko Juba mkataba wa kusimamisha mapigano, na watu wakaanza kufikiria kurudi vijijini. Lakini nani angewapa habari? Barabara zilikuwa mbovu, umeme haukuwako, na simu zilikuwa haba.

Mwaka 2007, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ukaanzishwa mradi wa BOSCO. Jina hilo, linalomkumbusha mtu padri mlezi wa vijana, limefupishwa kutoka maneno yenye maana ya vyombo viendeshwavyo kwa betri ili kuifikia jamii. Mafundi wa shirika la Inveneo la San Francisco, Marekani, walisaidia kuandaa kompyuta zinazotumia umeme kidogo sana, mabamba ya kunasa nguvu ya jua, na redio za kuunganisha kambi na kambi kwa masafa marefu. Kambi ya Pabbo, yapata kilomita 40 kutoka Gulu, ambayo ilikuwa miongoni mwa makambi makubwa kupita yote, ikapata kituo chake.

Jambo la busara katika mpango huo lilikuwa hili. Wakati huo mkongo wa baharini haukuwa umefika pwani ya Afrika Mashariki. Wa kwanza ulifika Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilitoka kwa setilaiti, ikiwa ghali na ya kasi ndogo. Kwa hiyo BOSCO haikuweka matumaini yote katika intaneti ya nje. Mawasiliano baina ya kituo na kituo yalipita juu ya redio za mradi wenyewe, na kupiga simu kutoka kambi moja hadi nyingine hakukumgharimu mpigaji kitu. Vijana walifundishwa kuandika habari za kambi zao katika kurasa za pamoja, ili wa kambi moja wasome ya kambi nyingine. Mwaka 2010 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Breaking Borders, iliyoandaliwa na Google pamoja na Global Voices.

Kisha ukaja mtihani ambao tuzo haiwezi kuusaidia. Amani iliporudi, makambi yalifungwa na watu wakatawanyika kwenda mashambani. Kituo kilichojengwa katikati ya maelfu ya watu kilijikuta katikati ya magofu ya vibanda. Ilibidi kazi ihamie katika shule, zahanati na vituo vya biashara, na kituo kitafute njia ya kujilisha. Baadaye Chuo Kikuu cha Notre Dame cha Marekani kilishirikiana na BOSCO katika vituo vilivyounganisha nguvu ya jua, kompyuta na mafunzo ya biashara ndogo, kwa kutambua kwamba mtandao usioingiza hata senti ya kununulia betri hufa betri ya kwanza inapokufa.

KIBERA, IDJWI NA KWINGINEKO

Mfano wa pili ni wa mjini, na unakaribia zaidi hali ya mabonde ya Kampala. Huko Kibera, Nairobi, vijana wa taasisi ya Tunapanda walianza katikati ya miaka ya 2010 kuunganisha shule na vituo vya vijana kwa mtandao wa wavu uitwao TunapandaNET. Jina lenyewe linaeleza: kupanda mbegu, na pia kupanda juu. Waliopanda juu ya mapaa walikuwa vijana wa mtaa huohuo waliofunzwa kufunga antena, kuzielekeza na kuzitengeneza. Masomo ya kompyuta yaliwekwa katika seva ndani ya mtaa, hivyo mwanafunzi aliweza kuyafungua bila kununua data.

Mfano wa tatu uko mashariki ya Kongo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, ulijengwa mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net, ambao chifu wa kisiwa aliuombea watu wake. Katika mpango wao, wafanyabiashara na mashirika hulipa kwa matumizi yao, na malipo hayo husaidia kuwafungulia wananchi mahali pa kutumia mtandao bila malipo.

Mbali zaidi, katika Jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, wanakijiji wa Mankosi waliunda chama cha ushirika cha Zenzeleni, maana yake jifanyieni wenyewe. Vituo vyao vya nguvu ya jua vilichaji pia simu za watu kwa malipo, na fedha hizo zikaingia katika mfuko wa chama. Nako Catalonia, Hispania, mtandao wa guifi.net ulioanza mwaka 2004 kwa wakulima na wakazi wa vijijini waliokosa huduma umekua hadi kupita mafundo 30,000. Hao wote hawakuanza na fedha nyingi. Walianza na makubaliano.

KINACHOUKATA WAVU

Adui wa kwanza ni umeme. Ruta hula wati chache tu, pengine tano hadi kumi na mbili, lakini fundo likizimika kila gridi inapokatika, majirani wa mbele nao huingia gizani. Betri ndogo ya volti 12 yenye kichaji kizuri hulimaliza tatizo hilo, mradi pawe na mtu wa kuikagua.

Adui wa pili ni radi. Kampala, kwa kuwa karibu na Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa miji yenye ngurumo nyingi kabisa duniani. Mlingoti wa chuma juu ya paa usiofungwa waya mnene wa kuingia ardhini ni mwaliko wa msiba. Waya huo, pamoja na kifaa cha kuikinga ruta, si mapambo ya kuachwa fedha zikipungua. Ndio unaowalinda watu walio ndani ya nyumba.

Adui wa tatu, aliye mkubwa kuliko wote, ni hesabu isiyotunzwa. Chukuliwe mfano wa kufikirika wa nyumba 20 zinazochanga shilingi 15,000 kila mwezi. Jumla ni shilingi 300,000. Laini ikigharimu 200,000, umeme na posho ya fundi 40,000, hubaki 60,000 za akiba ya vifaa vitakavyoharibika. Sasa nyumba tano zikiacha kulipa, pengo ni 75,000. Akiba yote imekwisha, na posho ya fundi imemegwa. Mwezi wa tatu ruta moja huungua, hakuna fedha ya nyingine, waliolipa hukasirika na kuacha kulipa, na mtandao huanguka ilhali antena zake zote bado ni nzima.

Familia za askari zinazijua hesabu za namna hii. Jeshi lina chama chake cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Akina mama katika makambi huendesha vikundi vyao vya kuchangiana, na kila mmoja anajua kwamba kikundi chenye daftari la wazi hudumu, na kile ambacho hesabu zake zimo kichwani mwa mtu mmoja huvunjika. Mtandao wa majirani unataka daftari lilelile, mweka hazina yuleyule, na mkutano uleule wa kila mwezi.

Katika Buganda kazi ya kujitolea ina jina la zamani, bulungi bwansi. Ngoma ilipolia, kila nyumba ilitoa mtu wa kufyeka njia au kusafisha kisima. Desturi hiyo haikujengwa juu ya hisani ya siku moja; kisima husafishwa tena na tena. Mtandao nao ni kisima.

SHERIA NA ULINZI

Kujitolea hakumwondolei mtu wajibu wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013, kutoa huduma ya mawasiliano kwa umma ni kazi inayohitaji leseni ya Tume ya Mawasiliano. Aidha, mikataba mingi ya kampuni za intaneti humkataza mteja kuigawa laini ya nyumbani kwa wengine. Kwa hiyo hatua ya kwanza si kununua antena, bali kuiuliza Tume, na kununua laini ambayo mkataba wake unaruhusu kugawana. Nchini Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa mwaka 2021 utaratibu maalumu wa leseni za mitandao ya jamii, ili vikundi vidogo visilinganishwe na makampuni makubwa.

Katika makambi ya jeshi na polisi, kama vile Bombo, Mbuya, Naguru au Nsambya, antena isipandishwe pasipo idhini ya mkuu wa kambi. Mawimbi hayatambui ukuta, na chombo cha mawasiliano kilicho mahali pasipofaa kinaweza kuwa mlango wa adui.

MTOTO NA SOMO LAKE

Familia itapata nini kwa taabu yote hii? Faida ya kwanza huonekana kwa watoto. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa na kufungwa huko. Mtoto aliyekuwa na intaneti nyumbani aliendelea kusoma. Jirani yake, asiyetengwa naye ila kwa ukuta wa matofali, alikaa karibu miaka miwili bila mwalimu. Mtandao wa mtaa wenye seva moja ndogo iliyojazwa vitabu na masomo hufanya kazi hata siku ambayo laini ya nje haikulipiwa. Hiyo ni maktaba isiyofungwa.

Faida ya pili ni ya mume na mke wanaotenganishwa na kazi. Tangu Machi 2007, Uganda ilipopeleka majeshi yake Mogadishu, familia nyingi zimejifunza kuishi kwa sauti ya simu. Mke anayeweza kumwonyesha baba mtoto aliyeanza kutembea, bila kuhesabu dakika, amepata kitu kisichonunuliwa dukani.

YA KUZINGATIA NYUMBANI

Wanaotaka kuanza wazingatie haya:

1. Waanze na nyumba tatu au nne zinazoonana, si mtaa mzima. Wavu hufumwa fundo kwa fundo.

2. Kabla ya kununua chochote, wachague mweka hazina, fundi na msaidizi wa fundi. Fundi mmoja akihamishwa kikazi, kama ilivyo kawaida ya askari, asiondoke na ujuzi wote.

3. Mchango ukubaliwe kwa maandishi, pamoja na hatua ya kuchukuliwa mtu asipolipa.

4. Asipande mtu juu ya paa peke yake, wala wakati wa mvua.

5. Neno la siri la mtandao libadilishwe kila mara, na kila simu iwe na neno lake la siri.

6. Watoto watumie mtandao sebuleni, machoni pa wazazi, wala si kitandani usiku.

7. Picha za askari walio kazini, majina ya vituo vyao na siku za safari zao zisiwekwe mtandaoni kamwe. Mke wa askari naye ni mlinzi.

Kutoka Nakasero, mtu akitazama usiku, huziona taa za Kampala zimetawanyika juu ya vilima na mabonde, kila moja na nyumba yake. Nyaya za kuziunganisha nyumba hizo ni haba na ghali. Lakini kuna mabonde ambayo hayatafikiwa haraka na kampuni yoyote, na wakazi wake wakiamua kushikana, chombo cha kuwaunganisha hutosha kiganjani. Kinachobaki ni daftari, zamu na uaminifu, na hivyo vyote hupatikana mtaani bila kuagizwa ng'ambo. Kidole kimoja hakivunji chawa.